Kundi la Semarang

Kudus, 3 Septemba 1995

Ndugu Tarjono,

Asalaamu alaikum. Barua yako imefika jana ikiwa na doa la mafuta ya mashine pembeni, nikajua kweli wewe ni fundi vyuma, hukunidanganya. Karibu sana. Niite Kang Masruhan, maana kwa umri uliouandika mimi ni kaka yako kwa miaka kumi na minne.

Nilipopeleka lile tangazo kwenye ukurasa wa marafiki wa kalamu, "muuza soto wa Kudus anatafuta rafiki wa Tegal wa kuzungumza naye timu ya taifa", wateja wanaokunywa supu yangu ya soto, hapa kibandani hatua arobaini kutoka lango la mashariki la uwanja wetu, walicheka mpaka mmoja akapaliwa na mchuzi. Rafiki wa Tegal! Tangu ile mechi ya ligi ya Februari kati ya timu zetu mbili, kijana wa hapa akiona gari lenye namba inayoanza na G huokota jiwe kwanza, salamu baadaye. Na ninyi, nasikia, mkiona K mnafanya yale yale. Mwezi wa sita lori la vitunguu kutoka Brebes lilichomwa hapa na dereva wake akapasuliwa taya, kwa kosa la herufi tu. Masikini yule hajui hata timu moja ina watu wangapi.

Lakini timu ya taifa ni ya wote, au sivyo? Basi umeniuliza nalionaje kundi letu la Kombe la Majirani. Myanmar tunaanza nao tarehe 15 Oktoba. Wanakimbia dakika zote tisini, ila wakifika golini wanakuwa kama wageni waliosahau walichofuata. Wa nne hao. Vietnam tarehe 18, hapo patawaka moto. Beki wao namba tano, Thuan, mwaka jana alimpanda kiungo mmoja kifuani kwa njumu, mbavu mbili zikaenda, na refa akatoa kadi ya njano kana kwamba mtu kakanyagana na mwenzake kwenye basi. Thailand tarehe 21 ndio mafundi wenyewe. Hawakupigi. Wanakuzungusha mpaka unampiga mtu mwenyewe kwa hasira, unatolewa nje, wanakufunga.

Na sisi? Tuna Wambrau mbele, huyo hana maneno mengi. Tatizo letu ni kushoto. Winga ni Rasmadi, kijana wenu wa Tegal, na beki nyuma yake ni Kholis wetu wa Kudus. Wana wiki tatu kambini na nasikia bado hawajapasiana. Mimi nasema Thailand wa kwanza, sisi wa pili, Vietnam wa tatu. Nawe lete yako.

Wako,
Masruhan


Tegal, 8 Septemba 1995

Waryadi,

Binamu yangu, nimempata mtu. Wa Kudus, muuza soto, kibanda chake kiko hatua arobaini kutoka lango la mashariki la uwanja wao. Lile lile lango. Polisi walituambia Casmadi alikutwa kwenye mtaro mbele ya vibanda vya chakula, kichwa kimefunguka, na kwamba hakuna aliyeona kitu. Vibanda sita, mchana kweupe, hakuna aliyeona! Mama bado anapika wali wa watu watatu nyumbani wakati tumebaki wawili.

Mtu huyu ametafuta mwenyewe rafiki wa Tegal gazetini. Ama ni mjinga ama ana kitu moyoni. Hajui kwamba Casmadi alikuwa mdogo wangu. Nimetumia jina langu tu, na jina langu halikuandikwa popote. Ninamwandikia kwa upole, nazungumza naye timu kama mpenzi wa mpira. Nitamvuta mpaka aje Semarang tarehe 21 Oktoba, mechi ya Thailand. Wewe na vijana wako wa bandarini mtakuwapo. Kama ni yeye aliyeua, atatoka pale kama Casmadi alivyotoka. Kama anamjua aliyeua, atamtaja kabla meno hayajaisha.

Usimwambie mama neno.

Tarjono


Tegal, 8 Septemba 1995

Kang Masruhan,

Waalaikumu salaamu. Nimecheka na wageni wako wa Myanmar. Ila nikuambie, unawaangalia watu hawa kwa jicho la mpishi. Mimi ninaangalia nani atamvunja nani.

Myanmar tutawavunja siku ya kwanza wala hawatatusumbua. Thuan wa Vietnam atafuata kifundo cha mguu wa Rasmadi kuanzia dakika ya kwanza, na kama mwalimu wetu ana akili angempanga mtu wa kumfuata Thuan na kulipa. Mpira wa kulipa kisasi ndio mpira ninaoujua. Thailand nao usiwasifu sana. Mtu asiyekupiga hadharani anakubana kwenye kona, refa akigeuka, kiwiko cha koo. Nimewaona. Sisi tutamaliza wa kwanza kama Kholis wenu atampa Rasmadi mpira, jambo ambalo silitarajii kwa mtu wa Kudus. Utani tu, Kang.

Unauza soto mbele ya uwanja, kumbe unaona mengi. Februari ile ulikuwapo? Huku tunasikia mambo mengi ya uongo.

Halafu nina wazo. Semarang iko katikati yako na yangu. Tarehe 21 Oktoba ni Jumamosi. Tukutane tuone mechi ya Thailand pamoja, tuonyeshe watu kwamba Kudus na Tegal wanaweza kukaa benchi moja.

Mdogo wako,
Tarjono


Kudus, 20 Septemba 1995

Mdogo wangu Tarjono,

Umeniuliza kama nilikuwapo, na nimekaa na swali lako siku tisa. Nilitaka kukuandikia kwanza habari za Wambrau, kwamba goti lake linauma na huenda tukaanza na mtoto wa Medan, lakini mkono umekataa.

Nilikuwapo. Kipenga cha mwisho kilipolia, mawe yalianza. Mabasi yenu matatu yalibaki bila kioo, moja likawa linatoa moshi, na watu waliokuwa ndani walitokea madirishani moja kwa moja kwenye mianzi ya watu wetu. Nilimwona mzee amelala juu ya mkewe ili apigwe yeye. Mimi nilikuwa nakusanya bakuli nifunge. Kijana akaingia kibandani, shati la njano la timu yenu amelivaa nje ndani, sikio linatoka damu. Akakaa kwenye benchi. Akaniambia, kama anavyoitwa baba mkubwa, "Pakde, nipe bakuli moja tu nikae nalo." Hakuwa na njaa, alitaka kuonekana mlaji. Nikampa. Nikamvalisha aproni yangu nikamwambia ainamishe kichwa.

Wakaingia kama kumi na wawili. Aliyetangulia ninamjua kama ninavyojijua. Alikuwa na tofali mkononi. Akaniuliza, "Kang, huyu ni wako?" Ningesema ni mpwa wa mke wangu wangegeuka wakaondoka, maana wananiheshimu. Kijana alinitazama. Nikasema, "Simjui."

Wakamburuta kwa ile aproni. Walimpigia mtaroni, nikiwa nimesimama nimeshika upawa. Nilisikia mnyororo wa pikipiki, nikasikia mianzi, kisha tofali, mara tatu. Baada ya hapo sauti yake haikuwapo. Nikafunga kibanda, nikaenda nyumbani, nikamwambia mke wangu biashara ilikuwa mbaya.

Ndiyo maana nilitafuta mtu wa Tegal. Hapa siwezi kulisema, na kwa Mungu nimelisema lakini Mungu si mtu wa Tegal. Sijui yule kijana alikuwa wa nani. Kama unaweza kuniulizia, niulizie. Na yule mwenye tofali, jina lake nitakutajia wewe uso kwa uso huko Semarang, kisha utajua la kufanya kuliko mimi. Karatasi siiamini.

Nitakuja tarehe 21 Oktoba.

Masruhan


Tegal, 27 Septemba 1995

Waryadi,

Si yeye aliyeua. Nakutumia nakala ya barua yake, soma mwenyewe, halafu ichome.

Nilipoisoma nilikuwa kwenye mashine ya kukereza. Nilipiga ngumi kile chuma mpaka mfupa wa kidole ukatoka nje, na Pak Dulkari mwenye karakana akanifukuza siku tatu. Casmadi alimwita Pakde. Alimwomba bakuli. Na yule mtu akasema simjui.

Nilitaka nimuue kwa mikono yangu hiyo wiki nzima. Sasa nimetulia kidogo. Analijua jina na atanitajia. Huyo mwenye tofali ndiye ninayemtaka. Kwa hiyo msimguse muuza soto. Nikishapata jina, aende zake akaishi na aibu yake.

Tarjono


Semarang, 2 Oktoba 1995

Tar,

Umelainika kama tofu ya jana. Aliyesema "simjui" na aliyeshika tofali, kwa marehemu wana tofauti gani? Nilimbeba Casmadi kwenye jeneza mimi, bega hili hili. Alikuwa mwepesi.

Sikia. Jambo hili si lako peke yako tena. Nina vijana kumi na tano na wameshapata habari. Siku ya Thailand tunapita vibanda vyote vya uwanjani kabla ya mechi tukiwasaka watu wa Kudus. Wenye kitambulisho tunasoma kitambulisho. Wanaojifanya wamekisahau, tunayo dawa: tunawaagizia soto ya ng'ombe. Unawajua, tangu walii wao wa kale awakataze kuchinja ng'ombe kwa heshima ya majirani zao Wahindu, miaka mia nne wanakula nyati tu. Mtu wa Kudus ukimwekea ng'ombe mdomoni anafumba kama mtoto anayepewa dawa. Mwezi wa saba tuliwapata wawili hivyo hivyo. Mmoja hadi leo anatembelea fimbo.

Kama muuza soto wako amekaa na wewe, nitakuuliza mimi mwenyewe ni nani. Ukisema ni wako tutapita. Lakini useme mbele ya vijana wote, wanaomkumbuka mdogo wako, uwatazame machoni. Tuone.

Waryadi


Tegal, 9 Oktoba 1995

Kang Masruhan,

Nimeiweka barua yako. Siwezi kuijibu yote kwa karatasi, nawe umesema karatasi huiamini.

Nisikilize vizuri. Tarehe 21 usije na gari la K, panda basi lolote la Semarang. Acha kitambulisho nyumbani. Tutakutana saa saba mchana kwenye kibanda cha Bu Sarinem, cha tatu kutoka ofisi ya tiketi, upande wa mti wa mkungu. Ukiulizwa na yeyote, wewe ni mjomba wangu kutoka Brebes, mkulima wa vitunguu. Mimi nitasema hivyo hivyo. Na ukiwekewa soto, ni ya ng'ombe, kula. Kula kijiko kimoja, viwili, umeze, usiulize kitu. Kang, nakuomba kwa jina la Mungu, uile.

Ningekuambia usije kabisa. Lakini jina lile ninalitaka, nina sababu zangu, utazijua.

Rasmadi yuko fiti, wanasema. Wambrau naye atacheza.

Tarjono


Kudus, 19 Oktoba 1995

Mdogo wangu Tarjono,

Naandika haraka nimkute mtu wa posta. Umeona ya jana? Vietnam sare ya moja moja, lakini sizungumzii bao. Ulisema Thuan atamwendea Rasmadi kifundo, na kweli, dakika ya thelathini akamwingia kwa miguu miwili. Kwenye televisheni ya jirani tulisikia mfupa. Mguu wa kijana wenu ukaning'inia kama si wake. Na nani alikuwa wa kwanza kufika? Kholis wetu! Alikimbia nusu uwanja akamtandika Thuan kichwa cha uso, meno mawili yakabaki kwenye nyasi, akatoka na kadi nyekundu yake bila kuulizwa.

Hapa Kudus watu walirukaruka barabarani. Wanashangilia mtu wetu aliyetoa damu kwa ajili ya mtu wa Tegal! Watu wale wale wa Februari, nawajua mmoja mmoja. Najua ni ujinga kufurahia meno ya mtu. Lakini niliingia ndani nikalia, nikasema kumbe inawezekana.

Barua yako nimeielewa. Nitakuwa kwa Bu Sarinem saa saba. Sina wasiwasi na wewe.

Masruhan


Semarang, 23 Oktoba 1995

Tar,

Uliondoka kama mwizi shughuli ikianza, hata mechi hukuiona. Thailand wametufunga mbili bila, tumetoka, na mtoto wa Medan alipigwa kiwiko cha koo kwenye kona kama ulivyotabiri. Vijana wanasema uanze kuandika gazetini.

Mjomba wa Brebes! Ulitaka nicheke? Mkulima wa vitunguu ana mikono inayonuka karafuu na manjano! Lakini nilikupa nafasi, shahidi ni Mungu. Niliweka bakuli mezani kwa adabu, nikasema, "Karibu mjomba." Ulimkanyaga mguu chini ya meza, nilikuona. Yeye alishika kijiko. Alikitazama kile kijiko kwa muda, halafu akakiweka chini na kulisogeza bakuli kwa vidole viwili, akasema, "Samahani, sisi hatuli hii." Sisi! Mbele ya watu kumi na tano.

Nikakuuliza, "Tar, huyu ni wako?" Nawe ukawatazama vijana, ukamtazama yeye, ukasema, "Simjui." Safi. Hapo nilikuona ni kaka yake Casmadi.

Kwa kuwa hukubaki, nikupe habari. Tulimtoa kwa nywele. Hakupiga kelele, ndicho kilichowaudhi vijana. Kijana wangu Darmo alitumia bomba la chuma, mguu wa kulia ukakubali pigo la pili. Mimi nilipiga uso. Jicho la kushoto sidhani kama litafaa tena. Bu Sarinem alitumwagia maji ya moto ndio tukaacha, mkono wangu una malengelenge. Tulimwacha nyuma ya ofisi ya tiketi, anapumua.

Jina je, alikutajia kabla?

Waryadi


Tegal, 25 Oktoba 1995

Kang Masruhan,

Sijui kama u hai. Naandika kwa anwani ya nyumbani, na yeyote atakayeisoma akusomee.

Kijana uliyempa bakuli alikuwa Casmadi, mdogo wangu wa mwisho, miaka kumi na tisa. Nilikuandikia kuanzia siku ya kwanza ili nikulete kwa watu wale. Waryadi aliyeweka bakuli ni binamu yangu, mimi ndiye niliyemwita. Kisha nilijuta, nikakuandikia ule ng'ombe, nikakukanyaga mguu chini ya meza, nikadhani inatosha. Nilipoulizwa, nilikuwa na neno la kusema mdomoni. Lakini nilijua wote kumi na tano pale walimpenda Casmadi, wakanitazama, nikaogopa kuonekana nimemuuza. Nikasema simjui. Ulinigeukia. Mwezi mzima nimekulaani kwa neno hilo, nikalisema mwenyewe kwa urahisi kabisa.

Nilikimbia. Nilisikia bomba likikupiga nikazidi kukimbia. Nilipanda basi la kwanza lililokuwa likienda Pekalongan.

Jina silitaki tena. Kaa nalo. Nataka kujua tu kama unaona na kama unatembea. Ukitaka kunitaja kwa polisi, anwani yangu iko nyuma ya bahasha, sihami. Mama yangu na mimi tunaishi peke yetu. Sijamwambia bado.

Nisamehe au usinisamehe, lakini niandikie.

Tarjono


Kudus, 26 Oktoba 1995

Mdogo wangu Tarjono,

Anayeandika ni mke wangu Muslikah, mimi nasema. Ninaishi. Jicho moja limekwenda, mguu umewekwa vyuma. Taya limefungwa waya, kwa hiyo kama maneno mengine hayaeleweki, Muslikah anakisia.

Nilipokuona tu pale kibandani nilijua. Masikio ni yale yale ya yule kijana, na unavyokaa kwenye benchi. Nikasema moyoni, kumbe ni ndugu yake. Nilikuwa na mengi ya kukuambia ila rafiki zako waliwahi.

Kuhusu bakuli, usijilaumu, ulinionya. Nilitaka kula. Kijiko kilifika karibu. Lakini marehemu bibi yangu alinilea kwa nyati na kwa neno moja, kwamba kitu hiki hatuli kwa sababu tuliahidi majirani. Nimeshamkana mtu, Tarjono, nikaona nikikana na hili sitabaki na kitu. Ni ukaidi wa mzee.

Ulivyosema humjui, nilisikia. Nami nilisema hivyo hivyo, kwa hiyo sina pa kusimama kukuhukumu.

Sasa jina. Ulilitaka, na nimeahidi. Aliyeshika tofali ni Zumroni, mdogo wangu wa tumbo moja. Nilisema simjui kwa sababu kijana alikuwa wa watu na Zumroni alikuwa wangu, niliogopa kumpinga mbele ya wenzake. Sasa unalo. Fanya utakavyo, ila nisikilize kwanza. Zumroni amekuja kukaa nasi tangu nilipoletwa. Ananinyanyua kwenda chooni, ananilisha uji kwa mrija. Kila siku ananiuliza ni nani walionifanyia hivi, kisu kipo kiunoni. Nimemwambia ni polisi wa Semarang, walinifananisha. Ameamini. Nimemdanganya ili mama yako asizike wawili.

Nakusihi jambo moja tu. Usiniandikie kwa muda. Mimi siwezi kufika mlangoni, na mtu wa posta sasa anampa barua yeye.

Kaka yako,
Masruhan


Kudus, 30 Oktoba 1995

Tarjono,

Barua yako ya tarehe 25 nimeipokea mimi. Kaka hajui. Muslikah hajui.

Siku tisa nimekuwa nikisafiri Semarang na kurudi, nikitafuta polisi ambaye hayupo. Kaka alinitazama kwa jicho moja akanidanganya, na sikujua ni kwa nini mpaka niliposoma.

Mdogo wako ni mimi niliyempiga. Tofali lilikuwa langu. Kaka hakugusa kitu, alimpa bakuli na aproni yake. Ulipaswa kuja kwangu. Ungeuliza Kudus nzima ungenipata, sikujificha hata siku moja. Badala yake ulimwandikia mzee barua za mpira miezi miwili, ukamketisha mezani, ukamkanyaga mguu, ukasema humjui.

Anwani umeiandika vizuri, hata namba ya nyumba na karakana ya Pak Dulkari. Nakuja Ijumaa hii tarehe 3, baada ya swala ya Ijumaa. Wewe uliita watu kumi na tano. Mimi nakuja peke yangu, na mikono mitupu siji. Usikimbie, maana nitakaa hapo mpaka urudi.

Umesema unaishi na mama yako. Mpeleke kwa jirani siku hiyo, sina ugomvi naye.

Zumroni